Mihadhara ya sheria na historia, sheria na fasihi: anayesoma sheria anatoka na nini pale?

Msomi_wa_Usiku

Habari za saa hizi wanajamvi. Naomba mawazo yenu, hasa mliopita sheria na nyie wa upande wa historia na fasihi.

Nasoma uzamili wa sheria, na idara yetu imeanzisha mfululizo wa mihadhara ambayo kila mtoa mada anaichukua sheria anaikutanisha na kitu kingine, leo sheria na tamthilia, siku nyingine sheria na nyaraka za kikoloni, mara sheria na mila, mara sheria na nyimbo. Msimamizi wangu kasema nihudhurie yote na mwisho wa muhula na mimi nisimame nitoe mada ya dakika 20.

Sasa ishu iko hivi. Nikiwa ndani ya ukumbi nafurahia kabisa, watu wanaongea vitu vizito na unaona wanavipenda, ila nikitoka nikijiuliza nimepata nini cha kuingiza kwenye tasnifu sioni. Kuna mtoa mada alisimulia riwaya tangu mwanzo hadi mwisho, zikabaki dakika chache ndo akasema hii inatuonyesha sheria na haki ni vitu viwili, makofi, tukaondoka. Hilo nilikuwa nalijua kabla sijaingia. Mwingine alichambua kesi ya zamani, nyaraka nyingi, tarehe nyingi, lakini hukumu yenyewe hakuigusa.

Wenzangu wanaosoma kodi na sheria za makampuni wananiambia napoteza muda, maana hakuna jaji atakayeniuliza Shakespeare alisemaje. Siwaamini, moyoni naona kuna kitu kikubwa pale, ila sina cha kuwajibu.

Naombeni mnisaidie, mtu akikaa kwenye mhadhara wa namna hii asikilize nini hasa? Na nikifika kutoa wa kwangu nifanyeje usiwe muhtasari wa kitabu?

WakiliWaRufaa

Karibu jamvini mdogo wangu. Mi ni wakili, rufaa za jinai ndo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo tu, wa fasihi watakuja.

Kwanza waambie hao wenzako kwamba mahakama yenyewe inaandika masimulizi, na inaandika kwa amri ya sheria. Kafungue sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, ya Tanzania au ya Kenya, sehemu ya namna ya kuandika ushahidi. Utakuta kwamba ushahidi kwa kawaida hauandikwi kwa mtindo wa swali na jibu, unaandikwa kwa mtindo wa masimulizi. Yaani shahidi anaulizwa maswali chungu nzima na mwendesha mashtaka, anajibu vipande vipande, alafu hakimu anaviunganisha vile vipande vinakuwa habari moja inayotiririka, "Niliondoka nyumbani jioni, nilipofika njia panda nilimwona mshtakiwa."

Nikupe mfano wa kutunga uone kwa karibu. Shahidi anaulizwa, ulimwona mshtakiwa? Anakaa kimya. Anaulizwa tena, jibu, ulimwona hukumwona? Anasema nilimwona. Kulikuwa na mwanga? Hapana, giza. Kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu rasmi za mahakama, inaandikwa hivi: "Nilimwona mshtakiwa. Kulikuwa na giza." Basi. Ule ukimya haupo, lile shinikizo la swali la pili halipo, na maswali yote yamefutika, ukisoma unadhani mtu alisimama akajieleza mwenyewe kwa hiari yake bila kusukumwa. Sheria inamruhusu hakimu aandike na alivyomwona shahidi akitoa ushahidi, mwenendo wake, kusitasita kwake, lakini mafaili mengi niliyosoma hayana hata mstari mmoja wa hayo. Sasa majaji wa rufaa hawakuwepo, wao wana karatasi tu, na mtu anaweza kufungwa maisha kwa sentensi mbili hizo.

Nani amefundishwa kusoma masimulizi akauliza nani anasimulia, kaacha nini, kwa nini kaanzia hapa? Watu wa fasihi. Nani amefundishwa kuuliza hii karatasi ilitengenezwaje, na nani, kwa ajili ya nani? Watu wa historia. Sisi wa sheria tunafundishwa kutafuta kanuni ndani ya hukumu tukimbie nayo, masimulizi tunayaruka. Kwa hiyo ukikaa kwenye mhadhara sikiliza kitu kimoja, hapa kuna swali gani lililofutwa? Mtoa mada akikuonyesha hilo umepata, asipokuonyesha muulize kipindi cha maswali.

Kifungu_kwa_Kifungu

Nampa heshima zake wakili hapo juu ila naomba niweke breki kidogo, maana huu uwanja una watu wanaoupenda kupita kiasi.

Richard Posner, ambaye alikuwa jaji wa rufaa wa shirikisho kule Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 1988 kuhusu uhusiano wa sheria na fasihi, na hoja yake moja kubwa ni kwamba mbinu za kusoma fasihi hazitakusaidia sana kutafsiri kifungu cha sheria. Kifungu ni amri, kimetungwa na bunge ili kifuatwe, shairi halimwamuru mtu chochote. Mi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Nimekaa kwenye mihadhara mtu anasema "sheria ni hadithi" kana kwamba akishasema hivyo kazi imeisha.

Na hata mtu aliyependa hadithi kuliko Posner alionya. Robert Cover, profesa wa sheria pale Yale, mwaka 1983 aliandika makala inayosema hakuna taasisi ya sheria inayosimama bila masimulizi yanayoipa maana, watu wa fasihi wanaitaja kila kona. Lakini mwaka 1986 huyo huyo akaandika nyingine, akasema jaji anapotafsiri maneno kuna mtu anaumia, anapoteza uhuru wake, mali yake, watoto wake, hata uhai. Wasomaji wawili wakitofautiana kuhusu riwaya wanarudi nyumbani wakiwa salama. Majaji wawili wakitofautiana kuna mfungwa katikati yao.

Kwa hiyo mdogo wangu ukitoa mada yako hakikisha yule mfungwa anaonekana. Mada ikiisha bila mtu kujua nani alipoteza nini, mimi nitasema wenzako wa kodi wana haki ya kulalamika.

Msomi_wa_Usiku

Asanteni sana wakuu. Hilo la mwenendo wa kesi kuandikwa kwa masimulizi nimeenda kuangalia kifungu sasa hivi, lipo kweli, na nimesoma hukumu miaka yote hii sikuwahi kulifikiria. Na @Kifungu_kwa_Kifungu umenipa cha kuogopa, maana nilikuwa nataka kuongelea Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare, tu kwa sababu nakipenda.

Wa historia mko wapi?

Mtunza_Nyaraka

Tupo. Kazi yangu ni nyaraka, mafaili ya mahakama yakiwa mengi kuliko yote, na swali lako limenigusa maana nawaona wanasheria wakija kwetu wanataka "ukweli wa kesi" na wanahistoria wanataka kila kitu isipokuwa sheria, wakati faili ni lile lile moja.

Nikupe mfano ambao ungefaa mhadhara mzima. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau kule Kenya, alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Waulize watu wengi alishtakiwa kwa kosa gani, watakwambia kuongoza vita, kuua, uhaini. Hati ya mashtaka inasema kupatikana na bastola na risasi. Chini ya kanuni za hali ya hatari hilo lilitosha kumpeleka kwenye kitanzi. Sasa tulia hapo kidogo uone maana yake. Mashtaka yakiwa ni bastola, mahakama inauliza habari za bastola, ilikuwa mkononi mwake au haikuwa, basi. Ardhi haiulizwi. Kwa nini watu waliingia msituni haiulizwi, na shahidi akianza kueleza ataambiwa jibu ulichoulizwa. Mtu aliyeandika ile hati alikuwa ameshaamua historia gani itaingia mahakamani na ipi itabaki nje, na hakuhitaji kumziba mtu mdomo.

Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo wakatoa tamthilia kuhusu kesi hiyo. Kumbukumbu za kesi zilikuwa hazipatikani kwa umma wakati huo. Wao walienda kuwasikiliza watu wa kwao Kimathi, wakaandika kesi ambayo maswali yote yaliyoachwa nje yameingia ndani, ardhi, damu, nani anamhukumu nani. Watu wakalalamika kwamba siyo ilivyokuwa. Alafu nyaraka za kesi zikaja kupatikana, mwanahistoria Julie MacArthur akazichapisha mwaka 2017, na ukiziweka zile nyaraka kando ya tamthilia utaona hazishindani kabisa, kila moja inajibu swali lake. Mi naona anayeuliza ipi ni ya kweli anauliza swali dogo. Uliza kila moja ilikatazwa kusema nini, na nani aliikataza.

Na kwa hao wenzako wanaotaka faida ya kushikika, waambie habari ya wazee wa Mau Mau walioishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009 kwa mateso waliyopata kwenye kambi. Wanahistoria akina David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wao pale. Mwaka 2011 serikali ikakiri kuwa ina maelfu ya mafaili ya kikoloni yaliyofichwa sehemu inaitwa Hanslope Park. Juni 2013 wakakubaliana nje ya hukumu, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Bila watu waliojua kusoma nyaraka, na kujua kwamba kuna nyaraka ambazo zinakosekana, ile kesi ingekuwa ngumu mno.

Ila uwe makini na kitu kimoja. Mwanahistoria anaruhusiwa kumaliza kwa kusema "huenda", jaji haruhusiwi, jaji lazima aamue hata kama giza ni lile lile. Mhadhara mzuri unauheshimu huo utofauti. Mhadhara mbaya unamlaumu jaji wa mwaka 1956 kwa kutokuwa mwanahistoria wa leo na unaishia hapo.

Mwalimu_wa_Tamthilia

Nimechelewa lakini hii mada siwezi kuipita. Mwanangu usikiache kitabu unachokipenda kwa sababu umetishwa, kiingie kwa mlango mwingine tu.

Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wanafunzi wengi wanaisoma kama hadithi ya mkopeshaji katili na msichana mwerevu aliyemshinda kwa akili. Sawa, lakini wewe ni mtu wa sheria, ingia mle mahakamani na macho ya kisheria. Mkopo ni dukati 3,000 kwa miezi mitatu, dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara aliyekopa. Portia, yule msichana, anaingia kajifanya mwanasheria msomi kijana, na neno lake ndilo linalofuatwa. Yeye ni nani? Ni mke wa Bassanio, na ule mkopo ulichukuliwa kwa ajili ya Bassanio. Leo mtu wa namna hiyo angetakiwa ajitoe kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Alafu anaukubali mkataba, anasema ni halali nyama ichukuliwe, kisu kimeshatolewa, ndo anageuka kwamba damu haikuandikwa. Alafu inaletwa sheria ya wageni, na yule aliyekuja kama mdai kwenye shauri la madai anatoka akiwa mtuhumiwa, kanyang'anywa nusu ya mali na analazimishwa kubadili dini. Mtu mmoja anafika mahakamani na mkataba mkononi anaondoka bila mkopo wake, bila nusu ya mali yake wala dini yake, na huko mbele akina Portia wanasherehekea.

Na hili si mimi nimeanza kuliona. Rudolf von Jhering, mwanasheria mkubwa wa Ujerumani, mwaka 1872 aliandika kwamba Shylock, yule mkopeshaji, alinyimwa haki yake kwa hila, kwamba kama mkataba ulikuwa unakiuka maadili jaji angeutangaza batili tangu mwanzo, lakini kuukubali alafu kuuvunja kwa kisingizio cha damu ni kuidhalilisha sheria yenyewe. Wanasheria wenzake walibishana naye sana. Kwa hiyo unaona, zaidi ya miaka 150 wanasheria wanabishana juu ya hukumu ya kesi ambayo haikuwahi kutokea, kwa sababu maswali yake yapo kwenye kila mahakama. Mwambie mwenzako wa makampuni akueleze mkataba unaokiuka maadili ya jamii unavunjwa kwa msingi gani, uone kama hatafika Venice.

Umetaja na nyimbo, nami napenda hapo kuliko pengine pote. Kuna kesi ya Kanada inaitwa Delgamuukw. Machifu wa Gitxsan na Wet'suwet'en, wenyeji wa asili wa kule, walidai ardhi yao ya jadi kule British Columbia, na ushahidi wao ulikuwa simulizi na nyimbo za koo, maana kwao wimbo ndio unaobeba habari ya nani ana haki mahali gani na aliipataje. Bibi mmoja mzee akataka kuimba mahakamani. Jaji akapinga, akasema hiyo si namna ya kuendesha kesi, na yeye hana sikio la muziki, hatapata kitu. Bibi akaimba hata hivyo. Hukumu ya mwaka 1991 ikawaangukia machifu vibaya. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema simulizi za mdomo lazima zipewe nafasi yake stahiki pamoja na nyaraka, ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Mi naona sisi tuliokulia kwenye lugha ambayo mashairi na tenzi zimehifadhi ugomvi, nasaba, vita na wosia, hiyo kesi tungeifundisha mwaka wa kwanza kabisa. Yule jaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa amefundishwa kwamba ushahidi una sura moja tu.

Kifungu_kwa_Kifungu

@Mwalimu_wa_Tamthilia hiyo ya Delgamuukw nakubali bila ubishi, pale swali ni la sheria ya ushahidi moja kwa moja, nini kinapokelewa na kinapewa uzito gani. Mihadhara ikiwa hivyo mimi nakaa kiti cha mbele.

Msomi_wa_Usiku

Mwalimu shikamoo, na wote asanteni mno. Nimesoma uzi huu mara kadhaa. Naona kama kuna kamba moja inapita kwa wote, kwamba kesi inaamuliwa mapema pale mtu anapochagua swali gani liulizwe na jibu lije kwa sura gani. Nikitaka kutoa mada juu ya hilo kwa dakika 20 nichukue kesi gani? Kimathi naona ni kubwa mno kwa muda huo.

WakiliWaRufaa

Chukua Derek Bentley, Uingereza. Ni ndogo, inashikika, na inakupa mfungwa aliyetakiwa na mwenzetu hapo juu.

Novemba 1952, kijana wa miaka 19 mwenye uwezo mdogo wa akili anakuwa kwenye jaribio la wizi na mwenzake wa miaka 16, yule mdogo anampiga risasi polisi anakufa. Bentley hakufyatua risasi, alikuwa tayari ameshashikwa na polisi. Mwenye bunduki kwa umri wake hawezi kunyongwa, Bentley ananyongwa tarehe 28 Januari 1953. Moja ya vitu vilivyomuumiza ni maelezo yake polisi, na polisi walisema alijieleza mwenyewe wao wakiandika tu, hawakumuuliza maswali.

Miaka baadaye mtaalamu wa isimu Malcolm Coulthard akayakalisha yale maelezo mezani akayasoma mstari kwa mstari. Akaona mpangilio wa sentensi sehemu nyingi unafanana na uandishi wa polisi kuliko mazungumzo ya kawaida. Alafu, na hapa ndo utapenda, akaona yamejaa sentensi za kukanusha ambazo kwenye masimulizi hazina sababu ya kuwepo. Mtu anayejisimulia mwenyewe hasemi ghafla hatukuongea, fulani hakusema kitu, sikujua ana bunduki. Anakanusha kwa sababu kuna mtu kamuuliza. Maswali yaliyofutwa yalikuwa yameacha alama ndani ya majibu.

Hukumu ikatenguliwa Julai 1998. Hapo uwe mkweli kwa wasikilizaji wako, sababu kubwa ya mahakama ya rufaa ilikuwa namna jaji wa kwanza alivyoliongoza jopo la wananchi waliosikiliza kesi, usije ukasema isimu peke yake ndiyo iliyomsafisha.

Namna ya kuitoa: usianze na historia ya uwanja wala nani alisema nini mwaka gani. Wagawie watu karatasi moja yenye kipande cha maelezo, wasome kimyakimya, uwaulize wanaona sauti ngapi humo ndani. Waache wabishane kidogo. Alafu ndo uingize kanuni ya maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, nani anaandika, nani anasaini, kwa nini yanaandikwa kwa nafsi ya kwanza wakati kalamu iko kwa mwingine. Dakika zako za mwisho zipeleke kwenye sheria ya leo, kama hapo unaposoma mahojiano ya polisi yanarekodiwa au bado ni kalamu na karatasi, maana wa kodi na makampuni watauliza hiyo inatuhusu nini.

Mtunza_Nyaraka

Naongeza moja tu. Mwanahistoria Natalie Zemon Davis alisoma barua za kuomba msamaha kwa mfalme wa Ufaransa za karne ya 16, watu waliokuwa wameua wakisimulia ilivyokuwa, karani wa kifalme ndiye anayeandika, na ili msamaha upatikane ilibidi hadithi ionyeshe hasira ya ghafla na siyo kupanga. Alikitoa kitabu mwaka 1987. Hakuhangaika kuuliza nani anadanganya, aliuliza watu wa wakati ule waliamini hadithi ya namna gani inaweza kumwokoa mtu. Soma hata sura ya kwanza kabla hujaandaa ya Bentley, itakusaidia usiwe na haraka ya kumshika mtu uongo.

Msomi_wa_Usiku

Nimeelewa. Nachukua Bentley, na karatasi nitagawa. Nitaandika rasimu nimpelekee msimamizi, alafu naileta hapa mnichambulie, hasa sehemu ya ushahidi @Kifungu_kwa_Kifungu usiniache.

Kifungu_kwa_Kifungu

Ilete. Na weka namba za vifungu, sio "sheria inasema".